Mama na Gurudumu Lililolia

Niliondoka Gitega mara ya tatu kwa sababu ya kauli ya mama. Hali ilipotulia alitoka kambini Tanzania, akavuka mpaka, akafikia Muyinga kwa mdogo wake. Kilichobaki ni mimi, niliyetangulia kurudi Gitega, kumfuata nimrudishe kwenye nyumba ya marehemu baba. Mara mbili nilimpakia garini mwangu, na mara zote mbili, hata hatujafika mbali, gurudumu la mbele likaanza kulia. Beringi imekufa. Mara ya pili mama alishuka na furushi lake, akaniambia:

"Nilitoka nchi hii kwa vilio, mwanangu. Sirudi na gari linalolia. Likilia tena, navuka mpaka, narudi nilikotoka."

Mama yangu hasemi jambo akalisahau. Nami ni mwanawe. Sikukubali kushindwa na chuma kinachoenea kiganjani.

Gitega, asubuhi. Fundi wangu, Papa Asifiwe, Mkongomani wa Kivu ya Kusini, alikwisha kufunga beringi mpya, ambayo yeye huiita roulement. Ile iliyokufa aliifungua mbele yangu. Grisi ilikuwa imegeuka uji, na mchanga ndani.

"Mi naweka ya muzuri, inakufa. Naweka ingine, inakufa. We iko unavuka mito wapi?"

"Sivuki mto, Papa. Ruvubu una daraja."

"Bon. Sasa hii maji iko ya wapi?"

Nikamuaga.

Njia ya Karuzi hupanda kilima kimoja ili ishuke kingine. Watu walitembea na mikungu ya ndizi vichwani, wakanipungia mkono, na mimi sikuwaona vizuri kwa sababu nilikuwa masikio tu, nikilisikiliza gurudumu. Redio nilizima. Linanguruma? Hapana, ni lami tu. Buhiga nilikunywa chai mbiombio, nikaendelea.

Karibu na Muyinga nilikata kona kuelekea kijitoni, kama kawaida yangu. Hapa lazima nieleze. Mama alitulea hivi: hupigi hodi kwa mtu ukiwa na vumbi la safari. Hata kambini, maji yakiwa ya kupanga foleni, kopo la kunawia miguu halikukosekana mlangoni petu. Sasa ningemfuataje mama huyohuyo na gari chafu? Kila safari nililiingiza majini hadi katikati ya magurudumu, nikalisugua likang'aa.

Safari hii, kabla ya kuliingiza majini, nilikunja suruali, nikarusha kopo la kwanza kwenye gurudumu la mbele. Likafoka "tssss!" kama chungu kilichoepuliwa sasa hivi.

Nikasimama na kopo langu. Maji ya wapi? Haya hapa! Mto sivuki, lakini naogelea! Chuma cha moto kinakunywa maji baridi na mchanga wake, kinalala nayo, asubuhi kinalia. Nilicheka peke yangu, kisha nikakasirika kwelikweli. Nikawasha gari, nikaondoka na vumbi langu lote.

Muyinga, adhuhuri. Mama mdogo alitoka kunipokea.

"Karibu, mwana. Na hii gari mbona iko mwekundu hivi?"

Mama alikuwa nyuma yake. Alinitazama, akatazama gari.

"Hivi ndivyo nilivyokulea?"

"Ni vumbi, mama. Vumbi halilii."

Nikamweleza habari ya kijito. Jioni nilimwona akifunga furushi lake.

"Tutasikia," alisema.

Kesho yake tuliondoka mapema. Mama aliteremsha kioo, akaweka sikio nje. Buhiga tukapita. Karuzi tukapita. Daraja la Ruvubu tukavuka, na gurudumu kimya. Mapaa ya Gitega yalipoanza kuonekana, akasema:

"Simama."

Nikakanyaga breki. Nilidhani amesikia nisichosikia. Kumbe alitoa birika kwenye furushi, akashuka, akanawa miguu kando ya barabara.

"Lete na yako."

"Na gari, mama?"

"Gari linalala nje. Tunaoingia ndani ni sisi."

Siku hizi gari langu naliosha likiwa limepoa, na beringi ile bado inazunguka. Lakini siku ile tuliingia mtaani na vumbi letu la Muyinga, miguu ikiwa safi. Majirani walipiga vigelegele. Mama akafika mlangoni, akashika mwimo kwa mikono miwili, ndipo akalia, na hakuna aliyemnyamazisha.