Zizi la Babu Malimi

Baba yangu, Mihayo, aliogopa kuku. Sisemi hivi kumvunjia heshima. Kijiji chetu kizima, pale ufukweni mbele ya Igoma, kilimjua kuwa ndiye askari wetu. Alikwenda Uganda na mgambo mwaka sabini na tisa, akarudi na buti, blanketi la jeshi na sifa ambazo hakuziomba wala hakuzikataa. Kila sikukuu ya taifa mwenyekiti alimketisha mbele. Lakini kuku akianza kuparua zizini, upande wa kulia wa lango, baba aliacha ugali wake na kukimbia kumfukuza. Mama alisema ni vita bado viko kichwani. Sisi watoto tulijificha nyuma ya ghala tukacheka.

Tungejua, tusingecheka. Pale chini palikuwa na bomu la mkono.

Alipewa huko Uganda. Siku moja, kwenye barabara inayopita katikati ya kinamasi, aliamriwa ainuke alirushe. Alilala mtaroni, mkono ukakataa. Aliyeinuka badala yake ni mgambo mwenzake, Josephat wa Nansio, na Josephat hakurudi. Vita vilipokwisha, silaha zikawa zinakabidhiwa, baba akaogopa kuulizwa kwa nini lake halikutumika. Akalileta nyumbani ndani ya blanketi. Alilivingirisha kwenye kitambaa, akalitia katika kopo la maziwa ya unga, akalifukia zizini kwa kina cha mkono mzima.

Alichagua zizi kwa sababu katika ukoo wetu zizini hapachimbwi. Huchimbwa siku moja tu, ya kumzika mwenye mji, mkuu wa kaya, na huchimbwa palepale, kulia kwa lango. Mwenye mji alikuwa babu Malimi, mzee mwenye afya ya fahali. Kwetu mtoto anayewaza kaburi la baba yake angali hai ni sawa na anayemwombea kifo. Kwa hiyo baba hakuwaza. Kosa lake lilikuwa hilo, na lilikuwa kosa la mtoto mwenye adabu.

Mara mbili alijaribu kulifukua akalitupe ziwani. Mara zote mbili alirudi ndani na jembe safi.

Ikaja miaka ya soko huria. Kila mwenye gari alitaka sangara, na mfanyabiashara mmoja wa Mabatini, Osward, alikuja na vigingi na kamba ya kupimia, akitaka kujenga banda la barafu pale zizi lilipo. Baba aling'oa vigingi vyote akavitupa barabarani. Watu wakamsifu, wakasema huyu ndiye mjamaa wa mwisho, hanunuliki. Maskini baba, ujamaa wala haukuwamo kichwani mwake siku ile.

Mwaka tisini na tano babu aliugua, akakaa kitandani miezi miwili. Baba ndiye aliyekonda. Siku moja alijikaza, akamwambia babu mdogo Yeremia, ndugu wa mgonjwa, kwamba siku hizi sisi ni Wakristo, pengine ingefaa mzee azikwe makaburi ya parokia. Yeremia alimtazama kama mtu aliyetemewa mate. Akamuuliza kama anataka baba yake alale kwa watu, kama mtu asiyekuwa na mji.

Babu aliyasikia yote, ukuta ulikuwa wa miti. Alimwita baba. Mimi, Rebeka, nilikuwepo, nimeshika kikombe cha uji.

"Mihayo," alisema, "nizikeni zizini. Kulia kwa lango. Pale ni pasafi, msiogope kuchimba."

"Ndiyo, baba," baba akajibu, akatoka nje. Alisikia neno kuchimba tu. Mengine yote yalimpita.

Babu alifariki Jumamosi asubuhi. Kufikia saa nne wanaume walikuwa zizini na majembe na sururu, ng'ombe wametolewa, kinamama wanabandika masufuria. Desturi inataka mtoto wa kiume wa kwanza apige jembe la kwanza. Yeremia alimkabidhi baba jembe. Baba alilipokea, akalinyanyua mpaka kifuani, likabaki hapo. Watu wakainamisha vichwa, wakidhani ni uchungu wa msiba. Mimi nilikuwa langoni na ndoo ya maji, nikauona uso wake. Haukuwa uso wa kulia. Nikaogopa, hata kabla sijajua ninaogopa nini.

Angeweza kunyamaza, akapiga juujuu na kuwapisha wengine. Kijana wa kwanza kushika sururu angekuwa Elias, mtoto wa jirani. Jembe likashuka taratibu mpaka chini.

"Rudini nyuma," baba alisema. "Hapa chini kuna bomu. Nililileta mimi."

Hakuna aliyesogea. Ilibidi aeleze, na alipoanza hakuweza kukomea kati. Mtaro, mkono uliokataa, hata Josephat ambaye hakuna aliyemuulizia. Ndipo watu wakarudi nyuma, kwanza kwa hatua, kisha mbio. Kinamama waliwabeba watoto mpaka majini. Masufuria yaliachwa yanachemka. Mama alinivuta mpaka nyuma ya jiwe kubwa, kucha zake zikanichoma mkononi.

Baba alipiga magoti, akachimba kwa viganja. Alichimba muda mrefu, akisimama kila mara kufuta macho. Mwishowe akatoa kopo. Lilikuwa na kutu, na limefungwa kwa ukanda wa ngozi. Akaduwaa. Yeye hakulifunga kwa ukanda. Fundo lile lilikuwa la babu, la kufungia ndama, hakuna mwingine pale kijijini aliyelijua.

Alilifungua. Ndani kulikuwa na kitambaa tu, kimekunjwa vizuri.

Baba aliketi juu ya samadi na lile kopo mapajani. "Alijua," alisema. "Alijua, akanifichia."

Tulimzika babu jioni ile, kulia kwa lango, mahali pasafi kama alivyosema. Polisi walikuja kesho yake. Walikaa na baba siku nne wakimuuliza babu alilihamishia wapi, jambo ambalo hata yeye hakulijua. Waliletwa wataalamu wakachimbachimba siku nzima, mvua ikawakuta, wakaondoka. Kwenye sikukuu baba anakaa nyuma sasa, na wengine humcheka. Nawasikia, na nawajua kwa majina.

Wakati ule bomu lilikuwa mahali pamoja na aliyeogopa alikuwa mtu mmoja. Sasa linaweza kuwa popote kwenye eka zetu sita, na tunaogopa sote. Huu ni mwaka wa nne. Mvua za kwanza zikinyesha, baba hutusimamisha barabarani, mama na sisi wote, akaingia shambani peke yake. Anapiga jembe, anangoja, anapiga tena. Analima hivyo siku tatu, nne, hadi mpaka wa mwisho wa shamba, ndipo anageuka na kutuita tuje kupanda.