Mjomba Aliyenisalimu Mlimani

Kuna siku moja ya kiangazi ambayo huikumbuka hata nikiwa sitaki, mwanangu. Huja yenyewe. Niko kanisani, au niko dukani napima maharage, mara naisikia imefika, uso unanichoma, na mteja ananiuliza, "Papa Kakule, uko na homa?" Namjibu ndiyo, niko na homa. Nimwambie nini kingine? Mimi ni mzee wa watu hapa Butembo, naitwa kuamua ugomvi wa wenzangu.

Leo nakuambia kwa sababu jana nilikuona. Ulikuwa na wale rafiki zako wa chuo, yule mama muuza ndizi akapita akakusalimu kwa Kinande, lugha yetu, nawe ukamjibu kwa Kifaransa huku unaangalia simu yako. Usibishe, nilikuwa dirishani. Hukumtukana, najua. Lakini niliona jinsi ulivyogeuza shingo, nikaingia chumbani nikakaa kitandani, sikuweza hata kula.

Nilikuwa kijana wa umri wako. Nilifanya kazi kwa mfanyabiashara mmoja wa hapa mjini, akanituma Goma nikapokee mizigo yake ya vitenge. Mizigo ikachelewa. Barabara wakati ule ilikuwa mbovu lakini ilipitika: unapanda kamyo, lori la mizigo, hapa, unalala Kanyabayonga, kesho yake unateremka bondeni mpaka Goma. Siku hizi unajua mwenyewe barabara ile ilivyo, Mungu atusaidie.

Basi nikakaa Goma sina kazi, na juu ya mji ule mlima wa moto unafuka mchana, usiku mawingu yanakuwa mekundu. Nikasikia kwamba watalii wanaingia parki na kuupanda, na kwamba mtu mwenye miguu mizuri akitoka alfajiri anafika juu na kurudi kabla ya giza. Nikasema na mimi nitaenda. Unafikiri nilikuwa na hamu ya mlima? Wapi! Nilitaka picha. Niliazima kamera, nikanunua viatu vipya, nikavaa koti ambalo wenzangu huvaa siku ya harusi. Kwetu mtu alipanda mlima kwa kuwa shamba lake liko kule, au mbuzi wake amepotelea kule. Kupanda ili uangalie tu halafu ushuke, hayo yalikuwa mambo ya wazungu, na hayo ndiyo niliyoyataka.

Kwenye lango la parki nikakuta wazungu watatu, bwana na bibi yake na rafiki yao. Mtu haruhusiwi kupanda peke yake, kwa hiyo tukaunganishwa chini ya mlinzi mmoja wa kutuongoza. Walikuwa watu wema, wakanimiminia kahawa yao. Yule bibi akaniuliza natoka wapi. Kilichonipata sikijui hadi leo. Nikamwambia natoka Kinshasa, baba yangu ni daktari, na huku mashariki ndiyo mara yangu ya kwanza kufika. Baba yangu, mwanangu, alilima vitunguu Lubero mpaka anakufa. Uongo ule ulitoka laini, kwa Kifaransa kizuri nilichofundishwa na mapadri, yule bibi akanitazama kwa heshima, nami nikaona raha.

Kisha wapagazi wakaja kugawana mifuko yetu. Wangu ulichukuliwa na mtu mzima mwenye sweta lililotoboka viwiko na makubazi ya mpira. Akauinua, akanitazama, uso wake wote ukafunguka.

"Wabukire, Kakule!"

Hiyo ni salamu yetu ya asubuhi, na aliyenisalimu alikuwa Kasereka, kaka wa mama yangu, ndugu yake wa pekee wa tumbo moja. Alihama kutoka Kasugho, kijiji chao huko Lubero, nilipokuwa bado shule, akaenda kutafuta mashamba upande ule. Tulijua analima maharage. Hatukujua kwamba wakati wa kiangazi anabeba mizigo ya watalii. Mtu huyo alinibeba mgongoni mwake nilipougua surua, mama alinisimulia mara nyingi.

"Anakufahamu?" yule bibi akaniuliza.

Nikainua mabega, nikatikisa kichwa. "Hapana, madame. Amenifananisha na mtu mwingine."

Nilisema kwa Kifaransa, lakini kutikisa kichwa hakuhitaji mkalimani. Mjomba alibaki ananitazama. Hakukasirika, na afadhali angekasirika. Akafunga kamba za mfuko wangu vizuri, akauweka kichwani.

Tukapanda. Kwanza ni msitu, halafu mawe meusi makali, mabaki ya moto wa zamani, yanateleza chini ya miguu na kukata viatu. Viatu vyangu vipya vilinichubua hata kabla hatujapumzika mara ya kwanza. Baridi ikaingia, koti la harusi halikusaidia kitu. Kila nilipoyumba, mkono ulinishika kiwiko kwa nyuma, na nilijua ni mkono wa nani, sikugeuka. Shetani gani alikuwa ameniingia?

Mahali fulani wengine walitutangulia. Mjomba akasogea karibu, akaniuliza kwa sauti ya chini, kwa lugha yetu:

"Kakule, nilisikia dada yangu alilazwa hospitali. Tangu siku ile hapana habari ingine. Iko namna gani?"

Simu za mkononi hazikuwapo. Habari ilitembea na madereva na wauza mbuzi, na huyu mtu alipata nusu yake tu: dada yako yuko hospitali Butembo, hali mbaya. Nusu ya pili haikumfikia. Mama alikuwa amepona zamani, wiki ile ile alikuwa anapalilia. Neno moja lingetosha, mwanangu. Amepona. Hata kunong'ona ningeweza.

Lakini juu kidogo yule bibi alikuwa amesimama anatungoja, anatuangalia. Nikaona nikifungua mdomo wangu kwa Kinande, yule mwana wa daktari wa Kinshasa anakufa palepale. Nikatazama chini, nikaongeza hatua. Nyuma yangu hatua zake zikasimama. Halafu nikasikia tena makubazi yake juu ya mawe.

Unataka nikuelezee moto wa juu? Siwezi. Watu hulipa safari ndefu kuja kuuona, na mimi nilisimama ukingoni, nikampa mzungu kamera anipige picha, nikatabasamu. Tulipokula, wale wazungu waliwagawia wapagazi mikate iliyobaki. Na mimi nikataka kufanya kama wao. Nilikuwa na nusu mkate na kopo la sardini ambalo nilikwisha kuchovya vidole ndani yake. Nikampa mjomba wangu mabaki yangu. Akapokea kwa mikono miwili, macho yamejaa machozi. Nikasema moyoni ni moshi wa mlima.

Tulipofika chini niliondoka bila kumuaga. Mizigo ikafika, nikarudi Butembo. Mama akaniuliza habari za Goma, nikamwambia vitenge viko salama.

Sasa hapa lazima nikukumbushe desturi ambayo ninyi wenye simu mmeiua. Kwetu mtu hakupewa habari ya kifo njiani, wala kazini, wala mbele ya wageni. Aliitwa nyumbani kwa maneno mengine, akakalishwa, watu wake wakamkaribia, ndipo akaambiwa. Ukikutana naye barabarani akakuuliza, ulinyamaza, ukatazama pembeni. Kila mtu mzima aliujua unyamavu ule. Mimi siku ile sikuukumbuka kabisa. Mjomba aliukumbuka.

Siku chache baada ya mimi kurudi, alasiri, mama ameketi uani anachambua maharage. Tukasikia kilio kinatoka barabarani, kilio cha mwanamume.

"Dada yangu wee! Dada yangu, uliniacha na nani?"

Majirani wakatoka mbio. Mama akaruka, maharage yakamwagika. Mjomba alikuwa ameingia uani, kichwa kimenyolewa, kitenge kimefungwa kiunoni kwa msiba, vumbi la kamyo mpaka kwenye kope.

"Kasereka! Ni nani alikufa?" mama akapiga kelele.

Mjomba akamwona. Akamkaribia polepole, akamshika uso kwa mikono yake yote, akaketi chini kwenye udongo, akalia upya. Majirani wakaanza kucheka na kupiga makofi, mama mmoja akaanza wimbo wa shukrani. Mama yangu alikuwa anacheka na kulia pamoja.

"Nani alikuambia kama nilikufa?"

"Hapana mutu alisema," mjomba akajibu, anajifuta pua. "Kuko mutoto moja, nilimuuliza habari yako, akanyamaza. Njo nikaelewa. Nikasema, huyu mutoto iko na heshima, hapana taka kuniambia njiani. Tena akanipa mukate na samaki. Nikasema, anajua niko na safari ya kulilia, anataka nipate nguvu."

Mwanangu, nilikuwa nimesimama mlangoni. Mjomba akainua macho, akaniona. Nikaona jinsi alivyonitazama mimi, kisha mama mzima mbele yake, kisha mimi tena. Na nikaona alipoelewa. Ningefurahi ardhi ipasuke pale pale.

"Mutoto gani?" mama akauliza. Mjomba akaanza kuokota maharage yaliyomwagika. Mama akanigeukia. "Kakule, si wewe ulikuwa Goma? Hapana ona mujomba wako kule?"

Mungu alinipa nafasi ya pili, tena mbele ya watu wangu mwenyewe. Majirani wote walikuwa wananitazama. Nikasema, "Hapana, mama."

"Goma iko mukubwa," mjomba akasema. Akaomba maji ya kunywa.

Mama alimchinjia kuku. Asubuhi nikamsindikiza mpaka kwenye kamyo, njia nzima natafuta namna ya kuomba radhi, na mimi niliyekuwa na Kifaransa kizuri hivyo sikupata neno hata la Kinande. Yeye ndiye alisema, mguu mmoja tayari uko juu ya gurudumu.

"Mimi hapana kasirika juu ulinikana mbele ya bazungu. Kijana ni kijana. Lakini dada yangu nilishamulilia, Kakule. Kutoka kule mpaka hapa, ndani ya kamyo, usiku na muchana, nilimulilia yote. Siku atakufa kweli, nitamulilia na nini?"

Akapanda, wakaondoka.

Miaka ikapita, nikaoa, nikafungua duka hili. Mama aliishi sana, kisha akafa. Hakujua kamwe, kwa kuwa mjomba hakusema na mimi sikusema. Sikutuma mtu kumwita mjomba. Nilimwachia mdogo wangu mambo ya mazishi, nikapanda gari mwenyewe kwenda kumchukua mjomba. Nilifanya yote kama inavyopaswa. Nikamwita mke wake na majirani, nikamkalisha, nikakaa karibu naye nikamshika mkono.

"Mujomba," nikasema kwa Kinande, "mama alituacha."

Hakulia. Alinitazama, mzee sasa, macho yameingia ukungu.

"Kweli?" akauliza.

Watu wakatazamana. Hawakuelewa kwa nini mtu anauliza hivyo. Mimi nilielewa. Na pale mbele yao wote, mimi, baba wa watoto, nikalazimika kuinua mkono na kuapa kwa jina la Mungu kwamba mama yangu mzazi amekufa. Hata hivyo hakulia. Alilia alipofika hapa Butembo, akapiga magoti, akaweka mkono wake kwenye udongo mbichi wa kaburi.

Ndiyo hayo, mwanangu. Sikuambii uache Kifaransa, kisome mpaka ukimalize. Sikukatazi milima wala picha. Nenda uone dunia, mimi sikuiona hata nilipokuwa mbele yake. Ninachokuambia ni hiki: mtu wako akikusalimu, mwitikie, kwa lugha aliyokusalimia, hata kama umesimama na mfalme. Na akikuuliza habari za nyumbani, mpe kabla hujafanya kitu kingine, kwa sababu hujui amezingoja tangu lini, na hujui ataujaza nini huo unyamavu wako. Mjomba aliujaza heshima ambayo mimi sikuwa nayo. Mwingine angeujaza chuki. Tena ukikosea, sema siku ile ile, mbele ya wale wale, usingoje kama mimi. Mimi nilipata siku nyingi za kusema nikaziacha zote zipite, na leo mama na mjomba walionidai ukweli huo wako chini ya udongo.

Njoo karibu nikuwekee mkono kichwani. Mungu wa babu zetu akutangulie Beni, Kampala, Kinshasa, popote miguu yako itakapokupeleka. Akupe watu watakaokuita kwa jina lako ulilopewa nyumbani, na akupe mdomo mwepesi wa kuitikia. Na siku utakayobeba habari nzito mpaka mlangoni pa mtu, mtu huyo akuamini mara ya kwanza.