Bi Mwanamkuu na Uzi Mwekundu

Kijiji chote cha Mzenga kilimjua Bi Mwanamkuu kuwa msomi, na msomi alikuwa kweli. Miaka thelathini aliwasomesha watoto Kurani barazani kwake, fimbo ya mpera mapajani. Lakini hizi herufi za kizungu zilimpiga chenga. Kila karatasi alitia dole gumba, kisha akajifutia wino kwenye kanga, haraka haraka, kama aliyeiba.

Ikatangazwa mashamba yatapimwa, kila mtu apate hati. Yeye alikuwa na mikorosho arubaini, na ng'ambo ya barabara bonde lenye maji, alilorithi kwa mamaake. Akawaza: nikitia dole kwenye nisichokijua, nimejiuza.

Basi akaingia kisomo cha watu wazima. Na mwalimu nani? Firdausi, yule yule mtoto wa barazani ambaye yeye bibi alimchapa zamani kwa kukosea Alhamdu.

"Shikamoo, mwalimu," akasema Firdausi.

"Marahaba. Mwalimu leo wewe. Fimbo nimeiacha nyumbani, usiniombe."

Bi Mwanamkuu aliposimama ubaoni, darasa likaangua kicheko: alianza kusoma kutoka kulia, kama msahafu.

"Bibi, mwanzo huku!"

"Huko kwetu ndiko mwisho!"

Dawa aliipata mwenyewe. Alifunga uzi mwekundu mkono wa kushoto. Penye uzi ndipo pa kuanzia. Miezi saba hakuufungua.

Siku ya hati, jirani yake Mwishehe, mtani wake wa siku zote, ndiye aliyeshika kidau cha wino.

"Bi mkubwa, tia dole twende, jua kali."

"Ngoja nisome."

"Usome? Leo tutalala hapa!"

Watu wakacheka. Bi Mwanamkuu akatazama uzi, akaanza. Kas-ka-zi-ni. Vicheko vikapungua. Ku-si-ni, ba-ra-ba-ra. Akarudia. Akainua uso.

"Mpaka wangu unaishia barabarani? Na bonde la mama yangu mmempa nani?"

Mpimaji akafunua ramani, akaifuata kwa kidole. "Kweli, mama. Tumekosea kunakili."

Hati ikaandikwa upya, bonde likarudi. Mwishehe akasogeza wino. Bi Mwanamkuu akausukuma kando, akaomba kalamu, akaandika jina lake lote, herufi moja moja, wala hakufanya haraka.

Mwishehe akakohoa. Akatoa mfukoni hati yake, yenye dole tangu asubuhi.

"Bi mkubwa... hebu, na hii yangu inasemaje?"

"Kaa kitako," akamwambia, kwa sauti ile ile ya barazani.