Nimemzuia Bi Zuhura, mhalifu nikamwacha

Jamani, leo nimeumbuka!

Wiki nzima barua pepe za "tajirika upesi" zaniingia kwa jina la Bi Zuhura, mteja wangu wa Maskati. Nikazuia anwani yake.

Leo kakake kaja dukani.
"Fundi, kofia za harusi ziko wapi? Dada kakuandikia mara tatu!"

Nikafungua ile mistari ya juu ya zile barua za "tajirika", inayoonyesha zilikopita. Maskati wapi! Zimetoka kompyuta ya ofisi moja hapa Makadara.

Nikazuia namba ya kompyuta hiyo, nikamfungulia Bi Zuhura, nikamwandikia kumwomba radhi.

Barua yangu ikarudi, imekataliwa.

Kakake hoi kwa kicheko. "Naye kakuzuia! Za 'tajirika' zamfikia kwa jina lako."

Harusi ni Ijumaa, na vipimo vya kofia, vilivyokuwa katika barua zake nilizozuia, sinavyo. Nyinyi mwasoma njia ya barua kabla ya kuzuia mtu?