Filimbi Iliyobaki Begini

Leo, katika duka la ala za muziki huku Ilford, London, nimenusa ulimbo unaopakwa kwenye upinde wa fidla, nikarudi utotoni. Jirani yetu, mzee kutoka Ayalandi, alinifundisha filimbi ya mbao jikoni kwake. Yeye alipiga fidla, mimi nikimfuata. Siku tuliyotakiwa kupiga pamoja shuleni, wenzangu walivicheka viatu vyake vilivyochakaa.

“Filimbi iko wapi, mwanangu?” aliniuliza jukwaani.

“Nimeisahau nyumbani, babu.”

Ilikuwa begini mwangu. Alipiga peke yake, akinyamaza kila mahali ambapo filimbi ingeingia. Watu walidhani amesahau wimbo, wakacheka. Mimi pia nilicheka.

Kwenye basi la kurudi alinishika bega. “Usihuzunike,” alisema. “Kosa ni langu. Nilipaswa kukukumbusha.”