Aliyelala Kiti cha Kulia

Wasomaji, nichekeni tu, nimestahili. Binti yangu Nyamisi yuko ughaibuni, huu mwaka wa sita. Kila akinialika namkatalia, maana kule anapandaga teksi isiyo na dereva. "Sasa humo unamsalimiaga nani?" namwuliza. Lakini nimemkumbuka mpaka ugali haushuki.

Juzi nilikuwa Bunda nasubiri lifti ya Butiama. Gari likaja taratibu, na pale kulia, kiti cha dereva, jamaa kalala fofofo! Abiria wa kushoto akaniita, "Butiama, mama? Panda." Nikajua hayo magari yameshafika kwetu. Nikajikaza, nikapanda nyuma, macho nimefumba, midomo inasali. Tulipofika Makutano nikiwa bado mzima, nikarekodi sauti: "Nyamisi mwanangu, nimo ndani ya gari linalojiendesha. Siogopi tena. Nakuja." Nikatuma.

Yule wa kushoto akageuka, mikono iko kwenye usukani. "Mama, dereva ni mimi. Hili gari usukani wake uko kushoto."

Kabla sijajibu, simu ikaita. Nyamisi alikuwa analia. "Mama, kweli unakuja?"