Friza ya Chechelesi

Walioacha damu ya mume wangu ioze ni wawili: meneja wa mradi wa utafiti hapa Isiolo, na mhasibu mkuu wa chuo kikuu chenye mradi huo, huko Nairobi. Majina yao nayataja kwa Mungu. Hapa inatosha mjue kazi zao.

Homa ilipoingia kwetu ilitulaza sisi wawili. Mimi nikaamka, yeye tukamzika. Soko likasema ni maziwa ya ngamia wetu. Wanawake niliouza nao maziwa miaka yote wakaanza kusogeza mitungi yao mbali na wangu. Lakini watu wa utafiti walikuwa wamemtoa damu kabla hajafa, wakatoa na ya ngamia, wakaweka zote kwa friza ya ofisi yao Chechelesi. Wakaniambia ikipimwa Nairobi itajulikana kama ugonjwa ulitoka kwa ngamia au kwa mbu. Basi jina langu lote likawa ndani ya friza hiyo.

Ijumaa moja, baada ya swala ya mchana, nikaenda kuuliza. Friza hiyo ilikuwa inanguruma mpaka unaisikia ukiwa barabarani. Siku hiyo nikafika mpaka getini, haisikiki.

Dereva alikuwa anafunga maboksi juu ya gari.

"Salaam aleikum, mama. Stima imekatwa tangu asubuhi. Bili."

"Na jenereta?"

"Kavu kama mdomo wangu Ramadhani."

"Na gari?"

"Hiyo imeshiba. Naenda Rapsu kutoa mbuzi damu."

Meneja akatoka na simu mkononi. Nikamwambia, bila hata salamu, anyonye dizeli kwa gari aweke kwa jenereta. Mpira wa kunyonyea mafuta ulikuwa pale pale ukutani.

"Siwezi, mama. Hiyo dizeli ni ya utafiti. Jenereta ni ya ofisi."

"Na damu ni ya nani?"

Akaweka simu mfukoni. Halafu akanieleza kama mtu anayefundisha mtoto. Pesa ni ya serikali ya Marekani. Iko ya kazi yenyewe, yaani safari na kutoa damu. Na iko ya kushikilia kazi: stima, kodi ya nyumba, mlinzi, wahasibu. Hii ya pili ina kipimo, haipiti hapo, na sasa kipimo kimeshushwa. Chuo huko Nairobi kinakata yake kwanza. Kilichobaki hakifiki Chechelesi. Na huwezi kuchota ya kwanza ukajazia ya pili.

"Hata mimi sijielewi," dereva akasema kutoka juu ya gari. "Nikiendesha mimi ni wa utafiti. Nikilala, ni wa ofisi."

Nikamgeukia meneja.

"Basi pakia damu upeleke Nairobi."

"Safari ya Nairobi haiko mwezi huu. Ya Rapsu iko."

Nikakaa chini mbele ya gurudumu. Nikamwambia ampigie huyo mkubwa wake wa pesa Nairobi nisikie. Akapiga, akaweka sauti juu. Mhasibu hakuuliza ni damu ya nani. Alisema hivi: "Ukigusa mafuta ya gari, utayalipa wewe, na Jumatatu usifike kazini."

Chini ya mlango wa chumba cha friza maji yalikuwa yameanza kutoka, mstari mwembamba, unakuja kwa simiti taratibu. Sote watatu tuliuona. Nikashika mpira. Meneja akaunyakua, akaufungia ofisini, ufunguo mfukoni.

"Mama, nina watoto," akasema.

"Mimi pia ninao. Baba yao yuko ndani ya hiyo friza."

Dereva ndiye aliyekuja kuninyanyua, kwa adabu, kama mtoto wangu. "Samahani, mama." Gari likatoka kwenda kutafuta damu nyingine, na tenki imejaa, na ya mume wangu inayeyuka.

Stima ilirudishwa baadaye. Chupa za damu zilishaoza, zikatupwa, haikupimwa hata moja.

Sasa kila asubuhi, nikifika sokoni, najaza kikombe kutoka kwa mtungi wangu nakunywa kwanza mimi, wote wakiniangalia. Mmoja wawili hununua. Wengine husema, wala si kwa kunong'ona: "Huyo wacha anywe. Yeye alishaugua akapona, haiwezi kumshika tena."